Ripoti Waliyosema Haipo

Nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya ujenzi Chang'ombe. Kila tatizo la saiti tulilifungulia rekodi kwenye mfumo wa kompyuta. Msimamizi akishalitatua, anaifunga.

Siku ukuta wa vyoo vya shule tuliyokuwa tunajenga Mbagala ulipomwangukia fundi na kumvunja mguu, tuliitwa kikaoni. Msimamizi wa mradi, mwanamume anayenukia marashi kuliko saruji, akasema bila kupepesa, "Hakuna aliyetoa taarifa ya ufa. Karani alizembea."

Karani ni mie. Ule ufa fundi mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Aliingiza kidole, akaniambia, "Sista, andika hii. Huu ukuta utatuua." Niliandika palepale, nimesimama juani.

"Niliripoti," nikamwambia mkurugenzi.

Msimamizi akaandika neno ukuta kwenye sehemu ya kutafutia. Zikamwagika rekodi kwa mamia, rangi ya ukuta, plasta ya ukuta, kila takataka. "Haya, itafute yako humo," akacheka. Kicheko kile sijakisamehe.

Nikaivuta kompyuta bila kuomba ruhusa. Nikaandika "ukuta una ufa" ndani ya alama za kunukuu, ili yaje maneno hayo matatu yakiwa pamoja. Zikabaki chache. Nikaongeza neno plasta lenye alama ya kutoa mbele yake, za plasta zikaondoka. Mwisho nikachuja kwa jina langu na kwa rekodi zilizofungwa tu. Ikabaki moja.

Ilikuwa yangu, na picha ya kidole cha fundi ndani ya ufa. Aliyeifunga ni msimamizi, siku ileile niliyoiandika, bila kukanyaga Mbagala. Chini aliandika: "Imeshughulikiwa."

"Ulishughulikia nini?" nikamuuliza.

"Nilibonyeza kwa bahati mbaya."

Mkurugenzi akainua mkono. "Jamani, tusilaumiane."

"Mzee, nilipolaumiwa mie mbona ulinyamaza?"

Nikachapa nakala mbili za rekodi ile, moja nikamwachia mkurugenzi mezani, nyingine nikampelekea mke wa fundi wodini. Alipoifikisha kwa afisa kazi ndipo msimamizi akasimamishwa.

Fundi anatembelea fimbo sasa, hawezi kupanda jukwaa la ujenzi. Mie niliacha kazi mwezi uleule. Mkurugenzi hadi leo anaiita ajali.