Farasi Kwenye Mchicha wa Bibi

Binti yangu alipokuwa na miaka minane aliongea kwa sauti ndogo mno, hata mwalimu wake wa shule akadhani hajui kusoma. Mke wangu akasikia kwamba Bunju, si mbali na kwetu, kuna mama anafundisha watoto kupanda farasi. "Tumpeleke," akasema. Mie nikacheka. Mtoto anaogopa kuku, leo tumpandishe farasi?

Tukampeleka. Mwalimu, mama mnene kutoka Songea, akampandisha juu ya farasi jike wa kahawia. "Mwambie twende." Mtoto akanong'ona. Farasi akapiga miayo. Akanong'ona tena, farasi akafumba macho. Jumamosi tatu walisimama palepale. Ya nne, binti yangu uvumilivu ukamwishia, akapaza sauti: "Twende!" Farasi akaenda. Mtoto alishuka anacheka.

Nikamwambia mwalimu kwamba, kwa ninavyoona, kazi yenyewe si ngumu.

"Basi karibu, baba," akasema.

Nikapanda. Farasi hakungoja amri. Alitoka getini, akavuka barabara ya vumbi, akaingia kwenye matuta ya mchicha ya bibi jirani, akaanza kula. Nilivuta hatamu weee, kama navuta mnazi. "Jamani mama, twende basi, tafadhali," nikambembeleza farasi.

Bibi akatoka na jembe. Nikachanganyikiwa, nikamwamkia hukohuko juu: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Toka kwenye mchicha wangu."

"Nashindwa, bibi."

Binti yangu akaja mbio, kofia ngumu imemshuka hadi kwenye nyusi. Akashika hatamu. "Baba, usimbembeleze. Unamwambia mara moja, halafu unanyamaza." Akamgeukia farasi: "Twende!" Farasi akainua kichwa, mchicha unaning'inia mdomoni, akamfuata kwa adabu zote. Mie juu yake nimekaa kama gunia la mkaa.

Nilirudi kwa miguu kumwomba bibi radhi. Alikubali yaishe kwa sharti moja: apate samadi. Kwa hiyo Jumamosi mbili zilizofuata, binti yangu akizunguka uwanjani juu ya farasi, mie nilibeba viroba vya mavi ya farasi huyohuyo hadi matutani. Siku moja alinipungia mkono. Mwalimu akamkemea, naye akaurudisha upesi kwenye hatamu.