Mikono Iliyochimba Kaburi Kimulot

Mnaonisoma mnajua kwamba sikai mahali pamoja. Juzi nilikuwa Sotik nikitafuta kazi ya kupakia ngozi, ndipo mwanamke mmoja muuza samaki wakavu aliponiambia kuwa yule mwendesha ng'ombe wa Kimulot amekufa kwa kichomi. Niliacha ngozi nikashika njia.

Nilimjua msimu nilipochuma majani chai huko. Yeye alikuwa kijana Mkipsigis, mwenyeji wa hapo, akiendesha gari la ng'ombe la shamba. Sisi tulikuwa wageni, wengi wakiwa watu wa ziwani na wachache Wakikuyu. Jumapili tulisali katika banda la nyasi nyuma ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, bila padri. Kila mtu aliomba kwa lugha ya mama yake, kisha tukaimba pamoja kwa Kiswahili cha kuokoteza. Yeye alisimama nje akisikiliza. "Nyinyi mnaimba kama mtu amepoteza ng'ombe," aliniambia, akicheka.

Siku moja akafa mchumaji wa ziwani asiye na ndugu hapo. Nyapara alikuwa amewapeleka wenzetu mashamba ya mbali, na katika laini tulibaki mimi niliyekuwa na homa na mzee mmoja wa ziwani. Mvua ilikuwa inakuja. Mwendesha ng'ombe akawafungua ng'ombe wake, akashika jembe. Kwao, mtu aliyegusa maiti huonekana amejitia uchafu mzito, na kila mmoja wetu alilijua hilo.

"Wacha, omera, ndugu yangu," mzee alimwambia. "Huyu si mtu yako. Kwenu watakufukuza."

"Si yangu, ndiyo," alijibu, akitupa udongo. "Na wake wako wapi?"

Jioni nilimsindikiza kwao. Mama yake alisimama mlangoni akasema maneno ambayo sikuyaelewa, ila mkono uliotuonyesha njia ya kuondoka niliuelewa. Tangu hapo kijana alilala laini na kusali ndani ya banda. Lakini kila Jumapili, baada ya sala, alipeleka kuni hadi kwenye ua wa mama yake. Kuni zilichukuliwa, mlango haukufunguliwa.

Niliacha shule mapema, lakini misheni nimezizunguka nyingi, na sizidharau, kwa maana ndizo zilizonifundisha kusoma. Huko mgeni huulizwa anajua nini kabla ya kupewa mahali pa kukaa. Kule laini, yule kijana aliulizwa tu kama amekula. Nadhani kanisa lao lilianzia kaburini, kabla sijafika mimi, siku watu waliokuwa mbali na kwao walipotambua kwamba hawana mwingine wa kuwazika ila wao kwa wao.

Nilifika Kimulot wakimalizia kufukia. Watu wa ziwani ndio waliomchimbia. Mama yake alikuwa amesimama mbali, penye ukingo wa chai, na kibuyu cha maziwa kifuani. Kisha akaja. Alimpita kila mtu hadi kwa yule mzee, akamwonyesha kibuyu.

"Kuja nyumbani. Wote. Mtakunywa huko."

"Mama, mikono yetu bado michafu," mzee alisema, akiificha nyuma.

"Hiyo mikono ndiyo naita."

Tukamfuata. Mlango ulikuwa wazi, na kando yake zilipangwa kuni za mwanawe, ambazo mama hakuwahi kuziwasha. Zamani, nikifika mahali papya, niliuliza kwanza nani mchungaji wa hapo. Sasa nitauliza nani humchimbia mgeni kaburi, na nitasali na hao.