Memwari ya Mwalimu Katungu na Wingu Nililoliamini

Kicheko chake ndicho nilichokisikia kwanza. Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumatano asubuhi, vumbi la Butembo limelazwa na mvua, na mimi nimeinama chini ya meza nikifunga waya wa mashine ya kuchapa. Kicheko kilitoka barabarani, kikapanda ngazi, kikajaa mlangoni. Ndipo nikaona viatu, halafu kitenge, halafu Mwalimu Katungu mwenyewe.

"Kahindo! Unajificha? Nimekuja kukamata mutoto yangu."

Mtoto aliyemtaka alikuwa memwari yake, kile kitabu ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu huandika kabla ya kupewa diploma. Katungu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kipese, mama wa watoto watano. Masomo yake yalikuwa yamekatika mara mbili, kwanza kwa uzazi, kisha kwa vita. Safari hii alikuwa amefika mwisho. Aliandika juu ya akina mama wa Kipese na namna wanavyochagua na kutunza mbegu ya viazi, na kwa miezi mitano alikuwa akinisomea, mimi nikichapa, katika sekretaria nilimofanyia kazi, duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na chuo. Ijumaa saa sita mchana ofisi ya chuo ingeacha kupokea. Atakayechelewa angengoja mwaka mzima, na yeye mwaka mwingine hakuwa nao. Mkuu wa shule yake alikuwa amempa ruhusa moja, na akamwambia wazi kwamba hatatoa nyingine.

"Iko tayari, mwalimu," nikamjibu kutoka chini ya meza. "Kaa."

Sasa ngoja nikueleze kiburi changu cha siku zile. Ninyi mnaojifunza kazi kwangu mnaniita mama mkubwa na kuniuliza mambo kama mtu wa kale, na nywele zangu nyeupe bado naweza kuzihesabu. Lakini katika kazi yetu mtu huzeeka upesi. Kompyuta niliyoanzia nayo, ukiiona leo utauliza kama ni jiko.

Mwaka na miezi kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda mji wa Beni kwa mafunzo ya siku mbili. Huko ndiko nilikolisikia neno wingu kwa mara ya kwanza kwa maana hiyo. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mpole, akatuambia jambo ambalo nakurudishia kama lilivyo: hakuna kitu chako kinachoelea angani. Wingu ni kompyuta za watu wengine, nyingi sana, zimepangwa katika majumba makubwa mbali na hapa, zinapata umeme mchana na usiku. Wenye majumba hayo wanakukopesha kona moja. Barabara ya kufika huko ni mtandao. Ufunguo wa kona yako ni neno lako la siri, na ukilisahau, wanatuma tarakimu fulani kwenye namba ya simu uliyowaachia, ili wajue ni wewe.

Nilirudi Butembo nimekuwa mtu mwingine. Niliziunganisha folda zote za sekretaria na wingu, kila ninachochapa kikawa kinakwenda huko chenyewe. Katungu aliponiletea klé yake, kile kidude kidogo cha kubebea mafaili, nilimcheka mbele ya wateja. Nilimwambia klé ni mambo ya zamani, kazi yake iko kwenye wingu, hata duka liungue itabaki. Akaniamini. Klé akampa kijana wake aweke nyimbo za kwaya.

Kisha kompyuta ikajaa. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Jumatano ile. Nilitazama folda zote zile nikajiambia, ziko kwenye wingu, ya nini kuzibeba mara mbili? Nikafuta. Nikamwaga hata pipa la takataka la kompyuta. Nikajiona mtu wa usafi.

Basi nikatoka chini ya meza, nikafungua mtandao mbele ya Mwalimu Katungu, nikaingia kwenye folda yetu ya wingu. Ilikuwa tupu.

Mwanangu, kuna aina ya baridi inayoanzia masikioni. Hapo hapo nikaelewa nilichofanya. Kompyuta yangu na wingu vilikuwa vimefungwa pamoja. Ninachoongeza huku kinaongezwa kule, na ninachofuta huku kinafutwa kule. Mimi nilidhani nina nakala mbili, kumbe nilikuwa na moja inayoonekana mahali pawili.

"Mashine inagonjwa, mwalimu," nikasema. "Rudi kesho."

Akanitazama. Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni, lakini hasira ilikuwa bado haijafika.

"Kahindo, niko mwalimu miaka makumi mbili. Mutoto mwenye hakufanya devwari yenye nilimupa ya nyumbani, ninamujua kwa masikio. Sema."

Nikasema. Nikasema yote, na machozi. Alisikiliza huku amekamata mkoba wake kwa mikono miwili. Madaftari yake yalikuwa Kipese, na hata kama yangekuwa mkobani, kurasa zaidi ya mia hazichapwi kwa siku mbili.

"Donc basi hakuna tena?" akauliza.

Nikakumbuka neno jingine la mkufunzi: wenye majumba yale hawachomi takataka siku ile ile. Huziweka kando kwa muda. Kazi yake ingeweza kuwa bado iko kwenye pipa la wingu. Nikajaribu kulifungua, likaniomba neno la siri. Nilikuwa nimelisahau zamani. Nikaomba tarakimu, na kioo kikaniandikia kwamba zitatumwa kwenye simu ambayo namba yake inaishia na arobaini na saba.

"Tuma, basi!" Katungu akasema.

"Haiko namba yangu, mwalimu."

"Iko ya nani?"

"Ya Kambale."

"Kambale gani?"

Hapo ilibidi niseme na mengine. Siku ya mafunzo simu yangu ilikuwa imezimika kwa kukosa moto wa umeme, na Kambale, mchumba wangu wa wakati huo, fundi wa simu huko Beni, alinipa namba yake niandike. Baadaye tukaachana kwa maneno makali, na namba yake niliifuta. Nilikuwa mwepesi wa kufuta, mwanangu.

Katungu akajipiga ishara ya msalaba. Kisha, sijui nguvu aliitoa wapi, akacheka. "Mais weye! Ulifukuza mwanaume na funguo ya nyumba iko kwa mufuko yake?"

Kesho yake alfajiri tulipanda gari la kwenda Beni. Alikataa niende peke yangu. Alisema mtoto ni wake, na mimi nimekwisha kuonyesha ninavyolea. Hadi kijiji cha Kalunguta njiani hakunisemesha. Alitazama migomba na akina mama wanaopanda na mizigo ya muhogo mgongoni, na mimi nilitazama mikono yangu. Nilitamani anitukane. Tulipopita Kalunguta akafungua mkoba, akavunja kipande cha mkate, akanipa kikubwa. Mpaka leo sijapata kula mkate mzito kama ule.

Kambale alikuwa kibandani kwake, ana kikuza-macho kwenye jicho moja, anachokoa simu. Aliinua uso, kikuza-macho bado kipo, jicho lake likaonekana kubwa kama yai.

"Kahindo? Umekuja kuomba rehema?"

"Nimekuja kuomba namba."

"Wapi! Mwaka muzima hakuna hata bonjour, na leo namba!"

"Kijana yangu," Katungu akaingilia, "mambo yenu ya moyo mutafanya kiisha. Mimi iko kazi yangu inakufa. Namba yenye kuishia na arobaini na saba ingali iko?"

Kambale akavua kile kioo. Akamsalimu kwa heshima, akampa kiti chake yeye akasimama. Alikuwa amebadilisha namba zamani, lakini ile ya kwanza hakuitupa, kwa sababu mama yake mzazi huko Vuhovi aliijua hiyo tu na hakutaka kujifunza nyingine. Akaivuta droo, akatoa kisimu kidogo cha vitufe. Kinalia mama akipiga, kingine hakijui.

Tukaomba tarakimu kwenye kompyuta yake. Mtandao ukaenda, ukarudi. Watu watatu tulikitazama kile kisimu. Kikalia.

"Allô, mama," Kambale akasema, na kwa kweli alikuwa mama yake, anauliza kama amekula. Katungu alifunga macho. Kambale akamwambia mama yake ndiyo, amekula, akate kwanza. Kikalia tena, mara moja, kifupi. Tarakimu sita.

Pipa la wingu likafunguka na ndani yake ilikuwemo folda yenye jina la Mwalimu Katungu. Nikabonyeza kurudisha. Sura ya kwanza ikaja, ya pili, ya tatu. Katungu akagusa kioo kwa kidole.

"Tulichapa Butembo," akasema taratibu, "na hapa ni Beni. Iko ile ile?"

"Ile ile, mwalimu. Ukiwa na ufunguo, utaifungulia hata Kinshasa."

"Badilisha namba sasa, mbele yangu," Kambale akaniambia, bila mzaha safari hii. "Tangu tuachane miye njo nilikuwa na funguo ya nyumba yako. Ningekuwa mutu mubaya, je?"

Nikabadilisha. Nilikosea tarakimu mara mbili, si kwa ajili ya mtandao peke yake. Katungu aliona, na aliponivuta nje alininong'oneza kwa nguvu iliyosikika mpaka ndani ya kibanda, "Huyu njo uliacha? Hmm. Na kazi ya kufuta unaipenda kweli!"

Lakini sura ya tano haikurudi. Njiani kurudi Butembo niliitafuta kichwani mwangu mpaka nikakumbuka: wiki niliyoichapa mtandao ulikuwa umekatika mjini, na niliifuta kabla haujarudi. Haikuwahi kufika kwenye wingu. Nilimwambia Katungu mara hiyo hiyo, garini, bila kungoja aulize. Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Hiyo iko kichwani," akasema. "Utachapa, nitasema."

Tulianza mchana ule ule, tukaendelea Ijumaa tangu duka linafunguliwa. Yeye alitembea huku na huku kati ya meza na mlango, anasema, mimi nachapa. Na sura ile, mwanangu, ilikuwa juu ya kutunza mbegu. Alisema mama wa Kipese anapochagua viazi vya mbegu, haviweki vyote chini ya paa lake. Kikapu kimoja anampelekea dada yake kwenye kilima kingine, ambako mvua ni nyingine na ugonjwa wa majani haufiki siku ile ile. Dada anavipanda kwake. Huku wakila, wakiuza, wakiharibikiwa, kile kikapu cha kule hakipungui. Na mama anakwenda mwenyewe kwa miguu kukitazama, haambiwi tu kwamba kipo.

Nilikuwa nimeichapa mara ya kwanza bila kuisikia. Mara ya pili vidole vikasimama.

"Endelea," akasema. "Saa inakwenda."

"Mwalimu, ulikuwa unajua haya yote. Mbona uliniacha nifanye vile?"

"Kwa viazi ninajua. Kwa mashine, weye njo ulikuwa mwalimu. Nilikuamini." Akasema hivyo tu, akarudi kwenye sentensi alipoiachia. Hakuna fimbo iliyowahi kuniingia hivyo.

Ndiyo maana nakuambia wewe unayeanza kazi hii. Litumie wingu, ni zuri, limewaokolea watu wengi kazi zao nyumba zilipoachwa wazi na watu wakakimbia bila kitu. Ila jua ni nyumba ya mtu mwingine. Uliza ni ya nani, na usipeleke huko siri ya mteja kabla hujamwomba ruhusa. Weka nakala moja mahali ambapo mkono wako wa kufuta haufiki, klé kwenye kabati la shangazi au diski kwa rafiki mtaa mwingine, na kaifungue uione kwa macho. Mtandao ukikatika, usihesabu kilichofika mpaka umekiona kimefika. Ufunguo uwe kwa namba yako, na mtu mmoja unayemwamini ajue pa kuupata, maana wewe pia utaugua au utasafiri. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, usiseme mashine inagonjwa. Sema ulichofanya wakati bado kuna muda wa kupanda gari. Anayekuletea kazi yake hajui unayoyajua, na hapo ndipo unapoweza kumuumiza kuliko mwizi.

Baraka ninayokupa ni ile niliyopewa mimi. Saa tano Ijumaa ile memwari ilikuwa imeshonwa, bado ina joto la mashine. Chuo kilikuwa dakika kumi kwa miguu. Katungu aliifunga ndani ya kitenge, akaiweka kifuani, akafika mlangoni, akageuka na kuweka kiganja chake kichwani pangu kama anavyofanya kwa wanafunzi wake.

"Mungu akupe kazi nyingi za watu," akasema, "na akupe woga kidogo kila siku ukizikamata. Wasingya, asante, mwana wangu."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, ukafunga.