Kabla Milembe Hajafunguliwa Kinywa

Milembe aliolewa karibu na Kiloleli akitokea Bariadi mjini, ambako alijulikana kwa mdomo usiopumzika. Nyumba aliyoingia ilikuwa na desturi yake: mke mpya hasemi na baba mkwe hata neno moja, wala halitaji jina lake, mpaka mkwe mwenyewe amfungulie kinywa kwa zawadi. Lakini ukame ulikuwa umepunguza ng'ombe wa mkwewe, Mzee Ngeleja, na zawadi ikakawia. Mwaka ukakatika. Milembe akabaki mgeni katika nyumba aliyoifagia kila asubuhi.

Hata hivyo, desturi haikukataza viingizi. Vitabu vya shule huviweka mwisho kabisa, baada ya nomino na vitenzi, kama makombo. Milembe aliishi kwa makombo hayo. Mzee akiwa uani aliyasikia kutoka jikoni. "Lo!" Maziwa yamefurika. "Ebo!" Kuku wameingia kwenye unga. Mara nyingine ilikuja "ah" ndogo, laini, na mzee akajua binti wa watu amekumbuka kwao.

"Huyu mkamwana wako ana milio tu, kama ndege," alitania Mhoja, mke wa mzee.

"Mwache. Mimi namwelewa."

Ukafika msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Lori geni liliingia kijijini, watu wakalizunguka kwa vigelegele. Dereva akaanza kurudi nyuma. Mzee Ngeleja alikuwa huko huko nyuma, amegeuzia lori mgongo, anafunga gunia lake.

"Mzee! Mzee!" watu walipiga kelele. Wazee walikuwepo kumi, kila mmoja akadhani anaitwa mwenzake.

Milembe aliona gurudumu linavyosogea. Jina hawezi kulitaja. Kusema naye ni mwiko. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Swaa! Swaa!"

Ni sauti ya kuswaga, ya kufukuzia ng'ombe. Mzee, aliyezeekea nyuma ya ng'ombe, aliruka pembeni kabla hajafikiri, akaangukia goti. Gurudumu likapanda juu ya gunia.

Mtu mmoja akapaza sauti: "Yalaa! Kamswaga mkwewe kama dume!" Kicheko kikalipuka uwanja mzima.

Milembe alikimbia nyumbani, akaanza kufunga kanga zake. Mhoja akamkuta papo hapo, akihema kwa kumfuata.

"Unakwenda wapi, we?"

"Nimemswaga baba, mayu, mama yangu, mbele za watu! Nisingoje kufukuzwa."

Mzee alikuwa anatoka zizini, anachechemea, anamvuta kwa kamba mtamba mwekundu, pekee aliyebaki. Akasimama mbele ya mlango wa Milembe.

"Nilitaka ng'ombe waongezeke kwanza, nikuchagulie mnono," alisema, macho yake chini. "Sasa naona nikizidi kukawia utaniswaga hadi Mwanza. Huyu ni wako. Sema, mwanangu."

Mhoja akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

Milembe alikuwa na maneno ya mwaka mzima kifuani. Aliyatafuta yote, asiyaone. Alichokiona ni suruali ya mzee iliyochanika, na damu iliyokuwa ikishuka taratibu kuelekea kwenye kandambili.

"Baba," alisema, "kaa chini kwanza, nikuoshe hilo goti."