Uunsi kwa Mgeni wa Maabara

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mwaka mmoja wa tisini na kitu nilitumwa Garissa kupima mvuke wa kemikali waliokuwa wakiuvuta wafanyakazi wa maabara ya mifugo. Kuingia tu, zailini ikanichoma pua. Ndiyo dawa waliyosafishia vipande vya maini ya mbuzi kabla ya kuvitia kwenye hadubini, na beseni lake lilikuwa wazi mezani. Madirisha yote yamefungwa, eti vumbi.

"Wallahi kunanuka! Mnafanyaje kazi humu?" nikamfokea mkuu wa maabara mbele ya watu wake. Mzee wa watu akainamisha kichwa. Kwao Wasomali, mgeni akilalamikia harufu, mwenyeji ameaibika.

Aliyekaa na beseni lile kutwa alikuwa mama wa watoto wanne, kichwa kikimuuma kila alasiri. Nilimfunga kipampu kiunoni na kibomba cha kunasa mvuke karibu na shingo.

"Walaal, ndugu yangu, andika ukweli," akaniambia. "Wakiona namba watatufungulia dirisha."

Nikamwahidi.

Kesho yake nilikuwa mlangoni najaza fomu, mkuu akanipita akitabasamu. Amebeba dabqaad, chetezo chao cha udongo, makaa mekundu na uunsi, ubani wao wa kunukiza nyumba, unafuka. Akaiweka mezani, kando ya beseni.

"Toa hi—!" Sikumaliza. Moto ulilipuka kwa mshindo, vioo vikaturukia. Yule mama akatoka mbio mikono inawaka, shungi linawaka. Nikamwangusha mchangani, nikamfunika koti langu, nikampigapiga huku akipiga mayowe, "Hooyo! Hooyo!" Mama mtu mzima anamlilia mamake. Ya Rabi, ngozi yake ilibaki kwenye koti.

Gari lilipomchukua kwenda hospitali, nilimrukia mkuu. Nilimpiga ngumi, nikampiga mateke, nikamkaba koo mpaka mlinzi akanibandua. Hakuinua hata mkono. Damu zinamtoka puani, akasema kwa lafudhi ya kwao, "Mgeni, nilitaka ukae fizuri."

Mama yule alipona, ila vidole vilishikana, na kazi ile ikamwisha. Watu walimlaani mzee, mimi wakanipa pole, nikaipokea. Na katika nyumba ile nzima, aliyejua vizuri kwamba mvuke ule hudaka moto ni mimi, mtaalamu. Nilikuwa nimegomba kutwa kuhusu harufu, moto sikuutaja.