Shusha Mizigo Kwanza

Mwanangu, weka hiyo bisibisi chini, ukae. Iko siku moja sijaisahau. Vita ilikuwa imetulia hapa Bunia, lakini watu walikuwa bado wanalala na mabegi ku mulango. Miye nilikuwa fundi kijana wa ordinatera, zile kompyuta, ku radio, na kiburi, eh, usiulize!

Mashini yetu moja ilibeba sauti za watoto wenye kutafuta wazazi. Mwenzetu alizirekodi njiani, toka Iga Barrière mpaka Mongbwalu, na hazikuwa fasi ingine, ni mu mashini ile tu. Mama Anjelani alisikia tunataja jina la binti yake, Neema. Akatoka Aveba kwa miguu, aje asikie mutoto mwenyewe akisema iko wapi.

Asubuhi ile alipofika, nilikuwa nimeiongezea mashini memwari, vile vibao vyenye inafikiriaka navyo. Nikajaza nafasi zote, ipite zote za muji. Nikabonyeza. Taa ikawaka, feni ikalia, kioo nyeusi. Nikarudilia. Nyeusi tu! Mama Anjelani ananiangalia. Nikasema, nafuta yote, naanza upya. Ndiyo ilikuwa dawa yangu ya kila ugonjwa.

Muzee Uketi, mukubwa wangu wa kazi, akakamata mukono yangu.

“Weye! Kamyo ya mizigo ikilala mu matope ya Mongbwalu, munafanyaka nini?”

“Tunashushaka mizigo, Papa.”

“Hamuchomake kamyo?”

“Hapana, Papa.”

“Basi shusha!”

Nikatoa vibao vyote vipya, nikaacha kile cha zamani. Mashini ikafunguka. Na sauti ya Neema ikatoka: “Mama, niko Iga Barrière, kwa Tantine Roza. Kama uko muzima, kuja.” Mama Anjelani akapiga vigelegele, akalia, akacheka. Hata chai hakungoja, akashika njia.

Kisha nikarudisha vibao kimoja kimoja, nikijaribu kila mara, mpaka nikashika kile kibovu.

Ndiyo maana nakuambia, mashini ikikataa kuamka, usikimbilie kufuta. Toa chenye uliongeza mwisho, jaribu, rudisha pole pole. Haraka haina baraka, wazee hawakudanganya. Na mbele ya kufuta, uliza: mule ndani kuna sauti ya nani?

Mungu akupe mikono mipole. Mwenye kungoja ku mulango wako asirudi bure. Haya, kamata bisibisi yako.