Mlenda wa Sufuria Mbili

Mama yangu alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili, na kwa muda mrefu niliamini kifo kile hakinihusu. Alianguka shambani wakati wa kuvuna uwele, kijijini kwetu upande wa Bahi, na hakuzungumza tena. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu ya kutembea toka alfajiri. Majirani walisema jicho baya, wengine wakasema mawazo. Mimi nilisema ni bahati mbaya, nikamzika, nikarudi mjini kwenye biashara yangu. Presha, kwa akili zangu za wakati ule, ilikuwa ugonjwa wa watu wenye vitambi na magari. Mama hakuwa hata na baiskeli.

Mimi ni muuza nafaka pale soko la Majengo, Dodoma. Nimekaa kwenye kibanda kimoja miaka mingi kiasi kwamba watu wakitaka kumwelekeza mgeni wanasema pinda kwa yule mama mwenye maneno. Sikatai. Biashara ya nafaka ni maneno, na baada ya maneno ni ulimi wenyewe. Nikienda Kibaigwa kununua mahindi, natoa punje kwenye gunia la chini kabisa, naitafuna mara moja, namwambia dalali mzigo wake haujakauka. Dalali habishi. Waliowahi kubisha waliumbuka mbele ya wenzao, na habari husafiri upesi kuliko malori. Ulimi wangu umenilisha, umenisomeshea watoto, umenijengea nyumba Area D. Nauamini kuliko ninavyoviamini vipimo vya watu wengi.

Katika nyumba hiyo tunaishi wawili, mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama. Watoto wangu wako makazini kwao. Mama mdogo amevuka sabini na jikoni haingiliwi. Niliwahi kumletea msichana wa kumsaidia. Yule binti aliondoka wiki ya pili, na mama mdogo akasema amemwonea huruma tu.

Nilipokuwa na miaka arobaini na tisa kichwa kilianza kuniuma kisogoni kila asubuhi. Nikaenda zahanati. Nesi aliyenipokea alikuwa binti mdogo, mgeni Dodoma, kwao ni kule kwenye migomba ya Kagera. Alinipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, kisha akaniambia nikae kimya dakika tano apime tena. Mimi kukaa kimya dakika tano ni adhabu. Aliporudia, uso wake ukawa umebadilika kidogo.

"Mama yako yupo, mama?"

"Alifariki."

"Akiwa na umri gani? Kwa ugonjwa gani?"

Nilimjibu yote mawili, naye akaandika. Nilikuwa nimemaliza kujibu ndipo nikapiga hesabu kichwani. Hamsini na mbili toa arobaini na tisa. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu mimi si mtu wa kuogopa, na ule woga naukumbuka hadi leo. Palepale kwenye lile benchi nikaapa kwamba nitampita mama yangu umri, iwe isiwe.

Nesi alinipa dawa na masharti: nimeze kidonge kila siku, nitembee, nipunguze mafuta, na chumvi niiogope. Kuiogopa? Mimi niliifukuza. Siku hiyohiyo niliimwaga chumvi yote ya jikoni kwenye shimo la taka, mama mdogo akiangalia kama anaangalia mtu aliyerukwa na akili. Niliacha chipsi mayai za pale kona. Niliacha bajaji za asubuhi, nikawa natembea toka Area D hadi Majengo, na wiki ya kwanza nilifika sokoni nahema hadi wabeba mizigo wakaniuliza nani ananifukuza. Mwezi wa pili nilikuwa nawapita njiani.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza kuhubiri. Hakuna mteja aliyenunua kilo ya mtama kwangu bila kusikia habari za chumvi. Jirani yangu wa kibanda cha pili, mzee wa Kondoa anayeuza ufuta na asali, naye ana presha. Nilimwandama hadi akaacha kutia chumvi kwenye uji wake wa asubuhi. Alilalamika kwamba uji hauna maana tena. Nikamwambia maana yake ataiona akiwa na miaka tisini.

Sasa hapa lazima nieleze mlenda, kwa wale ambao hawakubahatika kuzaliwa kwetu. Mlenda ni majani ya porini tunayoyakausha na kuyasaga wakati wa masika yakipatikana, tukayala kiangazi kizima. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo, unatia unga wa majani, nao unavutika na kulainika kwa muda mfupi, kisha unaweka karanga za kusaga. Magadi yenyewe hukwanguliwa kwenye mbuga, ardhi inapokauka na kubaki nyeupe juu. Ya kwetu huletwa na ndugu toka kijijini, na mama mdogo huyaweka kwenye kopo la zamani la maziwa, kopo lilelile waliloshirikiana na mama yangu walipokuwa wanapika pamoja. Ugali wa uwele na mlenda ndicho chakula chetu. Nyama ni ya wageni.

Chakula kisicho na chumvi kilinishinda siku za kwanza. Mama mdogo aliniona ninavyosukuma tonge, akanionea huruma, akaongeza magadi. Ladha ikarudi. Nilifurahi sana. Nilitia kidole kwenye magadi, nikayaonja kwa ule ulimi wangu wa Kibaigwa, nikatoa hukumu: haya si chumvi. Yana ukakasi, yanafanana zaidi na majivu. Ni kitu cha asili, hakijapita kiwandani. Wiki iliyofuata niliweka sinia la magadi pale kibandani na kuwaambia wagonjwa wenzangu wa presha kwamba nimepata mbadala. Mzee wa Kondoa alikuwa wa kwanza kuchukua.

Presha yangu haikushuka. Ilishuka kidogo mwanzoni, kisha ikarudi, kisha ikagoma. Kila nikienda nesi ananiuliza.

"Dawa unameza, mama?"

"Kila siku, baada ya uji."

"Unatembea?"

"Waulize wabeba mizigo."

"Na chumvi?"

"Mwanangu, hata kijiko chake nyumbani hakipo."

Aliniamini, na alikuwa na haki ya kuniamini, maana nilikuwa nasema kweli. Yeye naye hakujua kuuliza zaidi. Kwao mlenda haupo. Miaka miwili ikapita hivyo, nikafika hamsini na mmoja, na nesi akaanza kuzungumzia kuniandikia kwa daktari aniongezee dawa ya pili. Nilikuwa mwepesi kuliko nilipokuwa na miaka thelathini, na bado ile mashine ilinisoma kama mtu anayekufa. Ndipo nikaanza kukubali moyoni kwamba huenda mama aliniachia tarehe ya kufa.

Aliyeniokoa ni kiherehere changu. Nesi aliniambia siku moja kwamba tangu aje Dodoma hajawahi kuonja mlenda. Nikaona ni aibu ya mkoa mzima. Ziara iliyofuata nilibeba hotipoti, na alipopata nafasi ya kula mchana tukakaa kwenye benchi nyuma ya zahanati. Alikula kwa adabu, mlenda ukimvutika kidoleni, akacheka, akasema ni mtamu ila una ladha asiyoijua. Nikaanza kumfundisha kuupika. Nilikuwa nimefika kwenye maji yanayochemka.

"Hapo unatia magadi. Watu wanatia kidogo, lakini sisi wenye presha tumeacha chumvi, kwa hiyo tunajaza kijiko."

Aliacha kutafuna.

"Magadi, mama?"

"Magadi ya kwetu. Asilia kabisa."

"Kila siku?"

"Mchana na jioni."

Aliweka hotipoti chini taratibu. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ya upole ambayo manesi huitumia wakijua mgonjwa ana kiburi. Kile kitu kinachopandisha presha ndani ya chumvi kimo pia ndani ya magadi. Kuacha kimoja na kuzidisha kingine ni kufunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma.

"Lakini nimeyaonja," nikasema. "Si chumvi."

"Ulimi hauwezi kukuambia, mama. Damu ndiyo inayojua."

Maisha yangu yote ulimi wangu ulikuwa haujakosea. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikachukua hotipoti yangu nikaondoka bila kumuaga vizuri. Hadi nafika Majengo kwa miguu hasira ilikuwa imegeuka aibu, nami aibu siifugi. Nilimwaga sinia la magadi mbele ya watu. Nikamfuata mzee wa Kondoa, nikamwamkia, nikamwambia nilimpotosha na ninaomba radhi.

"Binti," akasema, "umenikataza chumvi ya dukani, sasa unanikataza na ya ardhini. Umebakisha ya machozi?"

"Hiyo ruksa, mzee."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini niliwatafuta na wateja wengine wote niliokuwa nikiwajua kwa sura, mmoja baada ya mwingine, hadi nikawamaliza. Baadhi walinisema vibaya. Walikuwa na haki.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Nilimkuta mama mdogo anapepeta uwele uani. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoelezwa, nikidhani nitabishiwa. Hakubisha. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akauweka ungo chini.

"Na dada?"

Sikumwelewa haraka.

"Miaka yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nampikia," akasema. "Alipenda magadi mengi. Nilikuwa namwekea."

Nilimwambia ukweli wote kama ulivyo: hakuna aliyempima mama hata siku moja, presha nyingine hutembea ndani ya ukoo, huenda magadi yalichangia na huenda asingepona hata bila hayo, na hakuna aliyejua. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kusikia na kupokea ni vitu viwili.

Kuanzia siku hiyo jikoni kukawa na sufuria mbili. Yangu ya mlenda usio na magadi, unaochukua muda mrefu kulainika, anausonga kwa mwiko hadi mkono unachoka. Yake ndogo, yenye magadi kutoka kwenye kopo lile. Nilimsihi aache. Akaniambia yeye haumwi. Nikamwomba basi twende akapimwe tuhakikishe. Akasema mashine ile humpa mtu ugonjwa aliokuwa hana. Nikamgombeza, nikabembeleza, nikamleta hadi nesi nyumbani siku ya mapumziko na chombo chake mkobani. Mama mdogo alimkaribisha, akamwandalia chai, akajifunika mikono yote kwa kanga hadi mgeni akaondoka. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilimnung'unikia sana, na leo najuta kwa baadhi ya maneno.

Presha yangu ilianza kushuka kabla mwaka haujaisha. Ile dawa ya pili haikuhitajika. Kidonge kimoja nakimeza bado na nitakimeza hadi mwisho, sina ugomvi nacho.

Tarehe niliyokuwa naingoja niliihesabu mwenyewe, miaka, miezi na siku, toka alipozaliwa mama kama ilivyoandikwa kwenye cheti chake cha ubatizo hadi siku aliyoanguka. Siku niliyompita iliangukia Jumamosi. Asubuhi nilipita zahanati, nesi akanipima, akaniambia namba inapendeza. Sokoni niliuza kwa kelele kuliko kawaida. Mchana nikafunga kibanda mapema nikarudi nyumbani kwa miguu, na njiani nilijisikia kama mtu aliyevuka mto akiwa amebeba mzigo wake wote kichwani, bila kulowa.

Mama mdogo alikuwa ametandika mkeka. Ugali wa uwele, na mlenda. Nilichungulia mekoni kutafuta ile sufuria ndogo nimletee. Ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa, na juu yake lile kopo la maziwa, tupu.

Tulinawa, tukaanza kula kwenye bakuli moja. Ulimi wangu ulijua mara moja: hata chembe ya magadi haikuwemo.

"Umeacha?" nikamuuliza.

"Leo umempita dada," akasema. Alikuwa anajua tarehe. Sikuwahi kumwambia. "Mimi nilisema, kama ni magadi yaliyomchukua, na ni mkono wangu ulioyaweka, basi na mimi yanichukue. Nikawa nakula nangoja."

Miezi yote ile nilikuwa nagombana na ukaidi, kumbe ni msiba.

"Na sasa?"

"Sasa, asubuhi nimekuona unatoka pale mlangoni, na miaka yako, unatembea. Nikasema huyu naye anahitaji mtu wa kumsongea mlenda." Alimeza, akakunja uso. "Hauna ladha huu."

"Hauna," nikakubali.

Jumatatu tulikwenda zahanati pamoja, kwa miguu, yeye akitangulia. Nesi alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi langu. Kisha akaishusha kanga begani, akaunyoosha ule mkono uliompikia mama yangu, na akaniambia mimi nikae kimya.